Je, Kuunga Udugu Huongeza Umri?

Ndugu msomaji, huenda umepata kuulizwa swali hili na mtu asiyeamini dini, au umejiuliza mwenyewe: Ikiwa kila nafsi imekwisha andikiwa ajali yake, yawaje Mtukufu Mtume s.a.w. afundishe kwamba apendaye kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri na aunge udugu wake? Siku iliyoandikwa itasogezwaje mbele kwa kumtembelea shangazi?

Wanazuoni wa zamani walilijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Wako waliosema kwamba kinachozidi si hesabu ya miaka bali baraka yake. Wengine wakasema miaka yenyewe huzidi, kwani Yeye aliyeuandika umri ndiye aliyeziandika na sababu zake. Mimi naelekea kwenye jibu hili la pili. Hadhrat Umar r.a. alipokuwa akielekea Sham alipata habari ya tauni, akaazimia kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alieleza kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Basi kadari haimfungi mtu mikono.

Lakini udugu nao ni sababu ya uzima, kama vile chakula na dawa? Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, uko mji mdogo uitwao Roseto, wenye watu wasiofika 2,000. Wazee wake walihamia huko kutoka Italia kuanzia mwaka 1882, wakafanya kazi ngumu ya kuchimba mawe ya kuezekea nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja aitwaye Stewart Wolf na wenzake waliuchunguza mji huo, kwa kuwa watu wake walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko jirani zao wa mji wa Bangor. Wakatafuta sababu katika chakula, wasiione: watu wale walikaangia mafuta ya nguruwe (ambayo sisi tumeharamishiwa), wanaume wengi walivuta tumbaku, na wanene hawakuwa haba. Walichokiona ni nyumba ambamo babu, mwana na mjukuu waliishi pamoja. Wazee waliheshimiwa, na tajiri aliona haya kujionyesha mbele ya maskini.

Kisha mambo yakabadilika. Vijana waliosoma walijenga nyumba kubwa pembeni mwa mji, wakazizungushia nyua, wakashindana kwa magari. Wachunguzi walikuwa wametabiri kwamba kinga ile itapotea, na ikapotea: vifo vya moyo vilipanda hata vikalingana na vya Bangor. Hesabu za miaka 50, tangu 1935 hadi 1985, zilitangazwa mwaka 1992.

Mji mmoja mdogo hautoshi kuwa hoja, na wako matabibu waliotia shaka. Hata hivyo, mwaka 2010 yalikusanywa matokeo ya uchunguzi 148, wenye watu zaidi ya 308,000, na ikaonekana kwamba wenye mafungamano mema na wenzao walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 50. Wala hii si ruhusa ya kuvuta tumbaku! Mwili una haki yake juu yako, nayo itadaiwa.

Sasa lifikiri jambo hili vizuri. Watu wa Roseto hawakuketi na wazee wao ili kuitibu mioyo yao. Lau wangefanya hivyo, wazee wangetambua upesi kwamba wao wamekuwa vidonge. Atembeleaye jamaa kwa kujihesabia faida hajaunga kitu. Amefanya biashara, na biashara hiyo atavunja siku mgonjwa atakapokuwa mzigo. Kwa hiyo umri mrefu uliotajwa katika mafundisho yale humjia aliyekuwa akitafuta radhi ya Mungu na hali ya ndugu yake.

Naandika haya nikiwakumbuka hasa ninyi mlioingia katika dini karibuni. Wanafunzi wangu wa chuoni, wengi wao wakiwa mbali na kwao, huniuliza: Nitaungaje udugu na watu walionifukuza? Baba hataki kunipa mkono, mjomba amekataa kula nilichopika. Jibu la Mtukufu Mtume s.a.w. ni zito: muungaji wa kweli si yule alipaye wema kwa wema, bali ni yule ambaye ndugu wakimkata, yeye huwaunga. Peleka salamu hata zisipojibiwa. Akiugua, nenda. Usibishane naye kitandani.

Hadhrat Asma r.a., binti wa Abu Bakr, alijiwa na mama yake wakati wa mapatano na Makureshi. Mama huyo alikuwa angali mshirikina, akitaraji kitu kwa binti yake. Asma akaenda kumwuliza Mtume s.a.w. kama amtendee wema mtu wa namna hiyo. Akaamrishwa amuunge mama yake, wala hakuwekewa sharti la kwanza mama asilimu.