Dripu Iliyopendeza Saa ya Kwanza

Mtoto amefikishwa wodini usiku. Mwili unawaka moto, mikono na miguu ni baridi, macho yamelegea. Muuguzi anambonyeza ukucha na kuhesabu: damu inachelewa kurudi. Kwa miaka mingi kila aliyepitia chuo cha tiba alijua la kufanya hapo. Tafuta mshipa, tundika dripu, fungulia maji yaende mbio. Ndivyo vitabu vilivyofundisha, na vitabu hivyo viliandikwa kwa kuangalia hospitali zenye mashine za kupumulia, si wodi za Muheza au Soroti. Kusema kweli, hata kuuliza kulionekana ukatili. Nani amnyime mtoto maji?

Daktari Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, aliuliza. Utafiti wake na wenzake, uliopewa jina la FEAST, ulianza 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili albumini kwa kasi, la tatu likapewa maji ya kawaida ya kumkimu mgonjwa, taratibu. Wenye kuharisha na utapiamlo mkali hawakuingizwa, na hilo tusilisahau: mtoto aliyekaushwa na kuhara ana habari yake nyingine.

Sasa mtego. Baada ya saa moja, waliotoka kwenye dalili za mshtuko walikuwa wengi zaidi upande wa waliofunguliwa dripu. Ungekuwa zamu, ungeshika vidole ukakuta vimepata joto, ungeandika kwenye faili "anaendelea vizuri", ukaenda kwa mgonjwa mwingine. Wala usingekuwa umeona vibaya. Umeangalia mapema mno.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilisimamisha usajili kabla idadi iliyokusudiwa haijatimia. Watoto walikuwa 3,141. Ndani ya saa 48, kundi la taratibu lilipoteza asilimia 7.3, la maji ya chumvi kwa kasi asilimia 10.5, la albumini 10.6. Yaani katika kila watoto mia waliofunguliwa dripu, watatu zaidi walizikwa. Wengi walidhani ni mapafu kujaa maji. Uchambuzi uliotoka 2013 ulionyesha kwamba vifo hivyo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka, jambo ambalo muuguzi aliyekaa akisubiri mtoto aanze kukoroma kifuani asingeliona likija.

Matokeo yalichapishwa Mei 2011. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa dharura za watoto 2016: mwenye dalili chache tu za mzunguko hafifu asifunguliwe maji kwa kasi, na aliye na dalili zote za mshtuko apewe kwa kipimo kidogo, taratibu, akiangaliwa. Miaka mitano ilipita katikati, na sioni cha kuitetea.

Basi wewe uliye zamu leo, kabla hujakabidhi, itazame ile karatasi ya dharura iliyobandikwa juu ya meza ya dawa. Chini pembeni pameandikwa mwaka. Usome.