Sitara na Khiyana: Je, Amshitaki Mwanafunzi Mwenziwe?

Limetufikia suali kutoka kwa kijana mmoja asomaye uuguzi, nasi tumeona kuwa si suali la mtu mmoja bali ni la miji yetu yote; kwa hivyo twalijibu hapa mbele ya wote. Asema kwamba mwenziwe, mtoto wa mtaa mmoja naye na waliosoma Qur'ani pamoja tangu udogoni, alinunua karatasi ya mtihani wa hesabu za dawa usiku wa kuamkia siku ya mtihani. Aliiona kwa macho yake katika simu ya mwenziwe, na asubuhi yake masuali yakawa ni yale yale. Mwenziwe amefaulu, na hesabu hizo hata leo hazijui. Mamake ameuza dhahabu zake ili kumlipia ada. Muulizaji ataka kujua: akinyamaza, je, atakuwa amemsitiri Muislamu au ameshiriki khiyana? Na akisema, je, atakuwa ametimiza wajibu au amefitini?

Watu wetu katika jambo hili wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao: "Nyamaza. Aibu ya mwenzio ni aibu yako, na Mwenyezi Mungu humsitiri mwenye kuwasitiri watu." Na wako wasemao: "Nenda kesho kwa mkuu wa chuo, ukaseme yote, na litakalokuwa na liwe." Kila kundi lina sehemu ya haki, na kila kundi limeiacha sehemu nyingine. Basi natulitazame jambo lenyewe kwa utaratibu.

Kwanza, tendo hili ni ghushi, wala halina jina jingine. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikapata umajimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika jamaa yake. Na cheti kilichopatikana kwa karatasi ya kununuliwa ni chungu ile ile: juu kavu, ndani imerowa. Tena tofauti iliyopo ni kwamba mnunuzi wa nafaka aweza kutia mkono akajua. Mgonjwa aliyelala kitandani hana mkono wa kuutia katika cheti cha muuguzi wake.

Wasemao kuwa hizo ni hesabu tu na wafikiri mfano huu. Daktari ameandika mgonjwa apewe lita moja ya maji kwa dripu katika muda wa saa 8. Mpira uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Muuguzi yampasa ajue yaanguke matone mangapi kwa dakika moja, na jawabu ni kiasi cha matone 42. Asiyejua hesabu hiyo akayaachilia mara mbili yake, lita ile itaingia kwa saa 4. Na mgonjwa akiwa ni mzee mwenye moyo dhaifu, maji hayo yaweza kumjaa mapafuni. Mzee huyo ni babako au babangu. Je, twaweza kumwambia kwamba tulijua, lakini tuliona haya kumvunjia heshima mtoto wa jirani?

Ama hadithi ya sitara ni ya kweli, nasi twaiamini. Lakini wanavyuoni wameieleza mahala pake. Sitara ni ya dhambi aliyoifanya mja baina yake na Mola wake ikapita, wala haimpati mtu mwingine kwa madhara. Dhambi ambayo madhara yake yangali mbele, yakimngojea mtu asiyejua, kuinyamazia si sitara. Imam Nawawi katika Riyadhus-Salihin amezitaja sababu sita ambazo kwazo kumsema mtu kwa aibu yake hakuwi ghiba ya haramu, na miongoni mwazo ni kuwatahadharisha Waislamu na shari. Nasi hatuoni ya kuwa wagonjwa wasiokuwa Waislamu wamo nje ya amana hii. Amana ni amana kwa kila aliyetuaminia.

Tena dini yetu yenyewe imehifadhika kwa sababu wako waliokataa kunyamaza. Wanavyuoni wa hadithi waliwataja waongo na wadhaifu kwa majina yao, na Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake amelieleza jambo hilo kuwa ni wajibu wala si ghiba. Ali bin al-Madini, aliyefariki mwaka 234 wa Hijra, aliulizwa juu ya babake mzazi katika upokezi wa hadithi. Kwanza aliwaambia wakamwulize mtu mwingine. Waliposhikilia, akainamisha kichwa, kisha akawajibu kwamba hili ni jambo la dini, na babake ni dhaifu. Tazama, ndugu msomaji: hakukimbilia kusema, bali alitaka mwingine amwondolee mzigo huo. Lakini alipoona kuwa haki itapotea, hakumpendelea hata aliyemzaa.

Wako miongoni mwetu watakaosema: "Mtihani ni wa serikali, na watu wa pwani tumeachwa nyuma miaka mingi, mtoto wetu akipenya, kwa njia yoyote, ni faida yetu." Maneno haya twayasikia hata kwa watu wazima wenye mvi, nasi twasema wazi kuwa ni batili. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Ikiwa mzazi hakutolewa katika amri hiyo, mtu wa mtaa atatolewaje? Na faida hiyo iko wapi? Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 hapa Kenya, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Mwezi wa Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa na usimamizi ukakazwa. Na katika mtihani wa mwaka huo waliopata alama ya A nchi nzima walikuwa 141, hali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Hatusemi kwamba kila aliyepungua katika hesabu hiyo alikuwa mdanganyifu. Twasema kwamba mtoto aliyekesha akasoma, naye alibeba shaka ya wale walionunua. Mwizi wa mtihani humwibia kwanza mwanafunzi mwaminifu aliyeketi kando yake.

Basi afanyeje muulizaji wetu? Twaona mambo manne, kwa utaratibu wake.

La kwanza, awe na yakini. Sura ya Al-Hujurat imekataza dhana na upelelezi. Huyu ameona kwa macho. Lakini asiyeona, akasikia tu uvumi wa mabwenini, hana ruhusa ya kumshitaki mtu.

La pili, amwendee mwenziwe kwa siri, amnasihi. Amwambie aliyoyaona, na amtake aende mwenyewe kwa mwalimu, aungame na aombe kuufanya mtihani upya. Ampe muda unaojulikana, siku chache, wala si mwaka. Na muda huo uishe kabla ya mwenziwe kukabidhiwa wagonjwa. Hii ndiyo nusura. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kumnusuru ndugu aliyedhulumu ni kumzuia na dhulma yake.

La tatu, mwenziwe akikataa, alipeleke jambo kwa mwenye mamlaka ya kulitengeneza, na kwake peke yake. Asilipeleke barazani wala kwenye simu za watu. Aseme aliyoyaona, asizidishe wala asipunguze. Adhabu si kazi yake. Ni ya wenye kuhukumu, nao yawapasa kutazama umri wa mkosaji na toba yake.

La nne, aitazame nia yake. Ikiwa kuna husuda au kisasi, aitakase kwanza. Lakini asiifanye hofu ya nia mbaya kuwa ni udhuru wa kunyamaza milele.

Wala hatusemi kwamba kila kosa la mwanafunzi lifike kwa mkuu wa chuo. Aliyenakili ukurasa mmoja wa zoezi la nyumbani, akanasihiwa akaacha, madhara yake yamemrudia mwenyewe, na sitara yamfaa zaidi. Mizani ni hii: ni nani atakayeumia kwa kunyamaza kwangu, na je, ana njia ya kujikinga?

Limebaki la yule mama. Machozi yake ni mazito, nasi hatuyadharau. Lakini dhahabu zake aliziuza ili mwanawe awe muuguzi, hakuziuza ili awe na karatasi iandikwayo muuguzi. Anayemficha mwanawe ndiye anayempotezea mali yake. Na sisi majirani tuna wajibu mwingine: kijana akirudishwa nyuma mwaka, tusimcheke wala tusimtenge. Wako katika miji yetu walimu na wauguzi waliostaafu wajuao hesabu hizo; nao na wakae naye jioni, baada ya Maghribi, mpaka azijue. Mji umwachao mtoto wake aanguke peke yake hauna haki ya kumlaumu aliyesema kweli.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.