Shiraa na Mikono Iliyoibeba

Mlango wa nakshi na kofia ya vito, vyote vya Lamu, ni ndugu. Mchonga mlango hupunguza mti mpaka ua litokeze. Mshona kofia hutoboa kitambaa cheupe, akazungushia uzi kila kitundu, na tundu lenyewe likawa pambo. Mbona basi mlango tunauita sanaa, kofia tukaiita vazi? Ustadi ni ule ule. Labda ni kwa sababu mlango umesimama ukimngoja mtazamaji, nayo kofia inakwenda na mwenyewe, sokoni, msikitini, kwenye Maulidi. Huwezi kuikodolea macho bila kumkodolea mtu.

Vazi, kwa hiyo, ni kazi inayokamilika mwilini. Leso iliyokunjwa sandukuni ina rangi, ina pindo, ina jina. Lakini mpaka ivaliwe ikapitishwe mbele ya jirani, jina hilo halijamsema mtu.

Hapo ndipo shiraa ya Lamu inaponitatiza. Ilikuwa kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa vijiti mfano wa hema, na bibi wa kiungwana akipita vichochoroni alikuwa ndani yake, haonekani. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni tanga. Ila tanga halijiinui: vijiti vilishikwa na wajakazi. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Na sitara hii iliazimwa mikononi mwa wengine. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, mikono hiyo haikuwa tena ya kuamrishwa. Shiraa ikatoweka, likaenea buibui, ambalo mwanamke hujivika mwenyewe.

Leo shiraa ni kitu cha makumbusho, na wako watakaosema imepanda cheo, imekuwa sanaa. Cheo hicho kina hila. Sanaa hutuzoesha kukitazama kitu peke yake, na kitu kikitazamwa peke yake, watu wake hufutika. Zamani kitambaa kilimficha bibi, mjakazi akabaki wazi juani, kila mpita njia akimwona. Siku hizi tunakisifu kitambaa, na anayefichika ni mjakazi.

Mbele ya mlango, yatosha kuuliza nani aliuchonga. Mbele ya vazi huna budi kuuliza pia nani alilivaa. Na mbele ya shiraa, nani alichoka mikono.