Farasi Aliyepakwa Rangi

Kama wewe ni mtu wa kubeti, kisa hiki kinakuhusu. Kinanihusu na mimi.

Tarehe 18 Agosti 1984, katika uwanja wa Eagle Farm mjini Brisbane, Australia, zilifanyika mbio za kawaida tu za mita 1,500, za farasi wasio na sifa kubwa. Mmoja wao aliitwa Fine Cotton, mwenye umri wa miaka minane. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekimbia, akaachwa nyuma. Ndiyo maana wapokea dau walianza kwa kumpa bei ya 33 kwa 1: ukiweka shilingi mia, akishinda unapata faida ya 3,300. Bei hiyo hupewa farasi ambaye hakuna anayemtegemea.

Kisha fedha zikaanza kumiminika. Watu wa miji mbalimbali ya Australia walimwekea dau, bei ikaporomoka hadi 7 kwa 2. Hapa naomba tutulie kidogo. Kwenye karatasi farasi ni yuleyule, umri uleule, rekodi ileile mbovu. Hakuna kilichobadilika ila fedha. Hatari ilikuwa imeandikwa kwenye ubao wa bei, kila mtu akiiona, na ni rahisi mno kuisoma kinyume: wenye siri wanajua, twende nao.

Nayajua makosa hayo. Jumapili moja kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi, nilimtazama farasi mmoja akizungushwa kabla ya mbio. Shingo ilikuwa imelowa jasho, naye akivutana na mshika kamba tangu alipotoka. Nilijua kwamba nguvu zake zinaishia pale. Halafu nikiwa kwenye foleni nikasikia minong'ono, bei ikashuka, nikamwekea dau. Alimaliza karibu na mwisho. Macho yangu yalikuwa yameniambia ukweli, masikio yakanipoteza.

Kule Brisbane, aliyeingia uwanjani hakuwa Fine Cotton. Alikuwa Bold Personality, farasi mwenye uwezo mkubwa zaidi. Waliopanga hila hiyo walikuwa wamempata kwanza farasi mwingine anayefanana na Fine Cotton, lakini akaumia. Wangeweza kuacha. Badala yake wakamchukua huyu, asiyefanana na Fine Cotton, wakambadilisha rangi ya manyoya kwa dawa ya kupaka nywele, na miguuni wakampaka rangi nyeupe. Rangi, jamani! Aliyeacha ubao akasogea karibu na kuitazama vizuri ile miguu angeshtuka.

Basi tusogee karibu. Tazama farasi anavyotembea, tazama jasho lake, soma alivyokimbia mara za karibuni na alikimbia na nani. Na bei ikianguka bila sababu unayoweza kumweleza mwenzako, rudisha fedha yako mfukoni.

Kule Brisbane, Bold Personality alishinda kwa tofauti ndogo sana, Harbour Gold akawa wa pili. Aliporudi, watazamaji wakaanza kupiga kelele kwamba farasi amebadilishwa. Wasimamizi wakadai hati zake. Mkufunzi wake alikuwa ameshaondoka uwanjani. Ushindi ukafutwa, Harbour Gold akapewa nafasi ya kwanza. Na wale waliofuata mkumbo, wasiojua lolote kuhusu hila, wakabaki na tiketi mkononi, ilhali kwa macho yao walikuwa wamemwona farasi wao akitangulia kuvuka mstari.