Kupanga Krismasi Mapema, Je, ni Kukosa Imani?



Jumapili iliyopita neno lilitoka Luka 12, habari ya yule tajiri aliyevuna mpaka ghala zikamshinda. Baada ya ibada kijana wetu mmoja anayefanya kazi Nairobi, alikuwa amekuja matanga, akanisimamisha hapo nje. "Mama, kwani kosa la huyu mzee lilikuwa kupanga? Mimi nimeanza kuweka nauli ya Krismasi saa hii, na mwenzangu ninayekaa naye ananicheka eti nimekosa imani, hata sijui kama nitafika Desemba." Nilimjibu haraka haraka maana gari lilikuwa linamngoja. Lakini swali lenyewe halijaniacha wiki nzima, ndiyo maana naliandika.

Isome hiyo habari tena, lakini safari hii hesabu watu. Tajiri anasema na nani? Na nafsi yake. Anajenga ghala kwa ajili ya nani? Nafsi yake. Hakuna mfanyakazi aliyemvunia, hakuna mjane, hakuna jirani, hata mtoto hatajwi. Sasa nenda Mwanzo 41 umtazame Yusufu. Huyu naye aliweka nafaka ghalani, tena alipanga kwa miaka 7 mizima, sehemu ya tano ya mavuno ya Misri ikitengwa kila mwaka. Kazi ni ile ile ya kuweka akiba. Tofauti ni kwamba mpango wa Yusufu umejaa midomo ya watu wengine. Kwa hivyo mimi sidhani Bwana alimkemea tajiri kwa kupanga. Alipanga, ila ndani ya mpango wake alikuwa peke yake.

Mtu ataniambia, "Na Yakobo 4 je?" Ndiyo, Yakobo anawaonya wafanyabiashara wanaosema kesho tutaenda mji fulani, tutapata faida. Lakini hawaambii wasisafiri. Anawaambia waseme Bwana akipenda. Shida ni vile sisi tumeyageuza hayo maneno. Hapa kwetu "nitakuja Krismasi, Mungu akipenda" mara nyingi ni njia ya kusema hapana bila kusema hapana. Mtu hajatenga hata shilingi moja, hajaomba ruhusa kazini, hajamuuliza mama yake nyumbani kunahitajika nini. Asipofika, inaonekana ni Mungu ndiye hakupenda! Nasema hili kwa unyenyekevu, lakini naona kulitumia Jina hivyo ni karibu sana na kulitaja bure.

Tena kutopanga si bure, wapendwa. Kuna mtu analipa. Kila mwaka tunajua nauli ya kutoka Nairobi kupitia Narok na Kisii hadi Migori itapanda wiki ya Krismasi, wakati mwingine mara mbili. Barabara ni hiyo hiyo, gari ni hilo hilo. Wala si ugonjwa wetu Wajaluo peke yetu; hata Marekani, sikukuu yao ya shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, barabara na viwanja vya ndege hujaa vivyo hivyo. Mtu anafika steji tarehe 24 jioni, anakubali kubanwa kwenye gari la watu 14 lililobeba 18, na dereva amezunguka siku mbili bila kulala. Mama huku anakesha akishika simu. Hapo kinacholipwa si pesa tu.

Halafu anafika na mizigo aliyonunua kwa mkopo wa simu. Unga, sukari, mafuta, leso ya mama, tunashangilia sote. Januari mkopo unadai, shule zinafunguliwa, na nani anapigiwa simu auze mbuzi? Ni yule yule mama aliyepewa leso. Huo ndio mzigo wa swali hili kwangu. Anayekataa kupanga hajamwachia Mungu kesho yake. Amemwachia mama yake, na hajamuuliza.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Hapa Masara wengi wetu hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtu wa machimbo ya dhahabu anaweza kupata pesa nzuri leo, kisha wiki mbili asione kitu. Ukimwambia apange Desemba anakutazama tu. Ndiyo maana napenda hesabu ya Yusufu. Hakuambiwa atenge magunia kadhaa, alitenga sehemu. Sehemu ya tano ya Sh500 ni Sh100, na ya Sh5,000 ni Sh1,000. Siku usipopata kitu, hutengi kitu. Kina mama wenye chama wanalijua hili bila kufundishwa: Sh50 kila wiki kwa wiki 40 ni Sh2,000, na Desemba ng'ombe anachinjwa na kila mmoja anaenda na nyama yake bila deni.

Kuna jambo lingine ambalo huwa hatulisemi. Wako vijana ambao hawaji kabisa, si kwa sababu ya nauli, ni aibu. Anaona afadhali akae Nairobi peke yake sikukuu yote kuliko aingie dala mikono mitupu huku wenzake wakishusha magunia. Mama mmoja hapa kanisani, mwanawe hajakanyaga nyumbani Krismasi tatu. Aliniambia, "Kwani nilimzaa akiwa na mfuko wa unga?" Sisi wazazi tuisikie hiyo. Wakati mwingine ni sisi tunaotuma orodha ndefu mpaka mtoto anazima simu.

Kwa hivyo kama pesa ni kidogo, nauli itangulie zawadi. Piga simu nyumbani Oktoba, sema ukweli: nina hiki, sina kile. Wazazi nao waseme ukweli, kwamba mahindi yapo, kwamba sukari mnunue watoto wawili mgawane. Watoto wa shule wanafunga mapema, kabla nauli haijapanda. Watumwe mbele na mtu mzima anayeaminika. Ada ya Januari itolewe kwanza, iwekwe mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Kisha sema Mungu akipenda, na umaanishe, kwa sababu hata aliyepanga vizuri anaweza kuugua au kufiwa, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Nilipita steji Jumanne nikauliza. Nauli ya Nairobi bado ni ile ya kawaida.