Kuguswa Macho Mara ya Pili



Katika Injili ya Marko, sura ya 8, mstari wa 22 hadi 26, twasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana Yesu alipomwekea mikono mara ya kwanza, aliona, lakini wanadamu aliwaona wakifanana na miti inayotembea. Bwana akamwekea mikono tena, ndipo akaona yote sawasawa. Basi tujue kwamba mtu aweza kuwa na macho mazima, naye bado akawaona wenzake kama miti.

Macho yetu hufundishwa sana na picha. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, tuliwaambia wanafunzi wachore nyumba. Wengi walichora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa. Wao walizaliwa migombani, katika nyumba ambazo moshi hujipenyeza katikati ya nyasi za paa. Bomba lile walilipata vitabuni. Picha ilikuwa imeyafundisha macho yao kuipita nyumba ya mama.

Sasa tutazame jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa mkoani Kagera. Baadaye wakaja wapiga picha kutoka nchi za mbali. Walipiga picha ya mgonjwa aliyekonda, ya kaburi bichi mgombani, ya yatima mlangoni. Picha hizo hazikusema uongo. Mambo hayo yalikuwapo, nasi tuliyalia. Tena ziliwaamsha wengi wakatoa msaada. Lakini zilisema neno moja, kisha zikanyamaza. Wako waliosikia jina la Bukoba au Muleba wakaona kitanda cha mgonjwa tu.

Hawakumwona bibi aliyeanza upya kulea, huku akipalilia kibanja. Wala hawakuona jambo hili: mwaka 1987, katika mji wa Bukoba, uchunguzi ulikuta watu wazima 24 hivi katika kila 100 wana virusi; mwaka 1996 walikuwa 13 hivi. Wengi walikuwa wamekufa, ni kweli. Lakini maambukizo mapya nayo yalipungua sana, kwa kuwa watu walibadili mwenendo. Na mwenendo uliobadilika haupigiki picha.

Leo mpiga picha si mgeni tena. Ni mimi na wewe, simu mkononi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, picha ya mkia wake juu ya maji ilizunguka dunia upesi. Watu 24 waliokolewa, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia. Watu 19 walikufa. Kila mmoja wao alikuwa na watu waliomngoja. Je, ingekuwa ni wewe unayengoja, ungependa habari ya msiba ikufikie kwa mdomo wa ndugu aliyeketi karibu nawe, au kwa picha iliyorushwa na mtu usiyemjua?

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, tusimpige picha mgonjwa wala marehemu bila ruhusa ya wenyewe, hata kama nia yetu ni kuomba maombi. Pili, tukionyeshwa picha ya watu wa kabila lingine, dini nyingine au nchi nyingine, tujiulize: je, nje ya ukingo wa picha hii kuna nini? Aliyeipiga alichagua pa kusimama, na alichagua cha kuacha. Tatu, twende tukamwone mtu mwenyewe. Tukae naye, tutafune kahawa pamoja, tusikie habari zake kwa kinywa chake.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, chatufundisha kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Mfano huo ulitangulia picha zote. Ugonjwa hauufuti, wala umaskini, wala kamera. Asiyeuona kwa jirani yake bado yuko Bethsaida, na ameguswa mara moja tu.

Bwana atuwekee mikono mara ya pili. Amina.