Mnaniuliza Funza, Niulizeni Mukene



Ndugu msomaji, tangu muhula uliopita jamaa zangu wa msikitini hapa chuoni wamenipa jina jipya. Naitwa "Bwana Funza". Sababu ni utafiti wangu wa mwaka wa mwisho: nilikuwa natengeneza chakula cha kambale wa kufugwa na kukijaribu, na moja ya vitu nilivyotia ndani yake ni funza waliokaushwa na kusagwa. Habari ilipoenea, ikawa kila baada ya swala ya Alasiri hakosi ndugu wa kunishika mkono na kuniuliza, "Hivi kambale aliyelishwa funza ni halali?"

Swali ni zuri na nitalijibu kwa kadiri ya elimu yangu ndogo. Lakini nimechukua kalamu kwa ajili ya swali jingine, ambalo katika miezi yote ile hakuna ndugu hata mmoja aliyeniuliza. Mimi mwenyewe sikujiuliza mpaka shangazi yangu aliponiuliza.

Tuanze na funza. Hawa si funza wa nzi wa chooni. Ni watoto wa nzi mmoja mweusi, mwembamba, ambaye wataalamu humwita Hermetia illucens. Akishakuwa mkubwa, nzi huyu hana tabia ya kutuatua juu ya chakula cha watu kama yule tunayemjua nyumbani. Watoto wake ndio walaji. Ukiwapa maganda ya ndizi na mboga zilizooza sokoni, katika wiki mbili au tatu wamenenepa. Ukiwakausha, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote kwa mfugaji wa samaki, na ndani ya chakula hicho protini ndiyo yenye bei. Mtu anayegeuza taka za soko kuwa protini amemfaa mfugaji, na amelifaa soko pia.

Kifiqhi, mjadala unaotuhusu hapa ni ule wa jalala, yaani mnyama anayekula najisi. Mtume (S.A.W.) alikataza kula nyama yake na kunywa maziwa yake, kama ilivyopokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Wanazuoni walipolifafanua jambo hili waliangalia sana athari: je, harufu au ladha ya nyama imebadilika? Imamu Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafii tunamtegemea, aliona kuila ni makuruhu. Dawa yake nayo inajulikana: mnyama afungiwe na alishwe kisafi mpaka athari imtoke. Kwa hiyo cha kuuliza ni funza amelishwa nini. Wangu walikula maganda na mboga, hawakupewa kinyesi wala damu ya machinjioni. Hata Umoja wa Ulaya, uliporuhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki wa kufugwa mwaka 2017, haukuruhusu wadudu hao walishwe kinyesi. Anayetaka zaidi ya hapo amwendee mwanachuoni. Mimi ni mwanafunzi wa ufugaji wa samaki tu.

Sasa nije kwenye swali lenyewe.

Nilikuwa na matangi 9, kila tangi kambale wadogo 20. Matangi matatu yalipata chakula ambacho protini yake ya mnyama ilikuwa mukene mtupu. Matatu yalipata mukene nusu na funza nusu. Matatu ya mwisho yalipata funza watupu. Vingine vyote, mashudu ya soya, pumba za mahindi na unga wa muhogo wa kushikiza, nilivipima sawasawa. Kwa hiyo nilijaribu vyakula vitatu, lakini kila aliyeniuliza aliniuliza kimoja tu. Mukene hakumshtua mtu.

Kwa wenzetu waliotoka mbali na Ziwa Viktoria, mukene ndiye yule samaki mdogo wa fedha ambaye Watanzania humwita dagaa na Wakenya omena. Akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo humpa mlaji madini ya chokaa, chuma na vitamini A ambavyo mnofu mtupu wa samaki mkubwa hauvitoi kwa kiasi hicho. Tena huuzwa kwa kikombe. Mama asiyeweza kununua ngege mmoja anaweza kununua kikombe cha mukene, akawapikia watoto na njugu zilizosagwa, na siku ikapita. Sifa hizo hizo ndizo zinazowafanya watengenezaji wa chakula cha kuku na samaki wamtake, na sehemu kubwa ya mukene wa ziwa letu huishia kwao.

Shangazi yangu anauza mukene katika mwalo mmoja upande wa Jinja, tangu sijazaliwa. Nilipohitaji mukene wa utafiti nilimwendea alfajiri, nikiwa na pesa za mradi mfukoni. Asubuhi ile shehena ilikuwa ndogo, na lori la wanunuzi wa viwanda vya chakula cha mifugo lilikuwa limeshapakia magunia. Kwa muuzaji tuliyemfikia lilibaki beseni moja. Bibi mmoja alikuwa anapatana naye bei. Mimi sikupatana. Nilitaja bei ya juu kidogo, nikalipa, nikapewa risiti ya kupeleka chuoni. Yule bibi alitazama beseni, akakunja kanga yake, akaondoka.

Shangazi hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye kibanda chake. Ndipo akaniuliza, "Mwanangu, samaki wako ni wangapi?"

Nikamjibu, "Mia moja na themanini, shangazi."

Akasema, "Yule bibi ana wajukuu wanne."

Sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni na beseni langu, nikasaga, nikachanganya, nikaendelea na kazi. Lakini tangu siku hiyo kila nilipowatupia samaki wale chakula, swali lile lilinirudia.

Nimelipeleka kwa mwalimu wangu, na kwa haki lazima niyaeleze majibu yake, maana yana uzito. La kwanza, alisema, mukene wengi wanaokwenda viwandani wamekaushwa mchangani, na mtu hawezi kuwatafuna kwa mchanga. La pili, lori lile linampa mvuvi na mwanamke wa mwaloni soko la uhakika. La tatu, kambale anayefugwa naye ni chakula cha watu.

Yote matatu ni kweli, na bado hayajamfikia yule bibi. Mukene huanikwa mchangani kwa sababu yupo mnunuzi asiyejali mchanga. Wakianikwa juu ya nyavu au vichanja ni chakula safi cha watu, nami nimeona kwa shangazi. Soko la uhakika ni neema kwa anayeuza, lakini kwa anayenunua kikombe kimoja, soko hilo hilo ndilo linalopandisha bei. Na kambale ni chakula kweli, ila huuzwa kwa kilo, kwa mwenye pesa ya kilo. Samaki hajapotea katika safari hii. Amehama kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Jambo hili si la ziwa letu peke yake. Huko Senegal, Gambia na Mauritania, nchi ambazo watu wake wengi ni ndugu zetu Waislamu, samaki wadogo wa baharini waliokuwa kitoweo cha kila siku wamekuwa wakisagwa viwandani kuwa unga wa kulishia samaki wa kufugwa ng'ambo, na akina mama waliozoea kuwabanika na kuwauza wamelalamika kwamba wanakosa samaki wa kufanyia kazi. Kila anayekula samaki hao wa kufugwa anaweza kusema ni halali, na hatakuwa amekosea.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Sisemi kumlisha kambale mukene ni haramu; mimi si mufti. Nasema tumezoea kukikagua chakula kwa yale yanayotutia kinyaa, na tukishatulia rohoni tunadhani tumemaliza. Qur'ani inapotuamrisha kula, inataja halali pamoja na twayyib, kilicho chema. Na Surat al-Maun, ambayo wengi wetu tuliihifadhi tukiwa madrasa, haimkemei tu anayemsukuma yatima. Inamkemea pia asiyehimiza kumlisha maskini. Kuhimiza ni kazi hata ya mtu asiye na kitu, sembuse mtafiti aliyekabidhiwa pesa za mradi.

Matokeo yalipotoka yalinitia katika mtihani mwingine. Kambale wa mukene mtupu ndio waliokua zaidi. Wa nusu kwa nusu hawakuachwa mbali. Wa funza watupu walibaki nyuma wazi. Kwa moyo wangu ulivyokuwa, nilitamani funza washinde. Usiku mmoja niliketi mbele ya kompyuta nikitazama tangi moja la funza lililokuwa baya kuliko yote. Ningeweza kuliondoa, nikaandika kwamba pampu ya hewa ilisumbua. Nani angejua? Na nia yangu ilikuwa njema, nikiwafikiria maskini.

Nilimkumbuka yule mfanyabiashara wa nafaka sokoni Madina, ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo lake akakuta chini pamelowa, akamkemea kwa kuficha. Mfugaji atakayenunua chakula kwa ushahidi wangu hana namna ya kutia mkono ndani ya takwimu zangu. Nikimdanganya akapata hasara, nitakuwa nimemtetea maskini mmoja kwa kumdhulumu mwingine. Tangi lile nimeliacha kama lilivyo.

Nilichopendekeza ni chakula cha nusu kwa nusu, nikaeleza wazi kwamba kambale watachelewa kidogo kufika uzito wa sokoni. Halafu nikaongeza aya moja juu ya yule bibi wa mwaloni. Mwalimu wangu aliisoma, akaipigia mstari kwa upole, akaniambia hayo si ya ripoti ya sayansi. Huenda ana haki. Niliitoa, na ndiyo hii nimeileta kwenu.

Kwa hiyo ndugu zangu, tukikutana baada ya Alasiri endeleeni kuniuliza kuhusu funza, sitachoka. Lakini mkimaliza, niulizeni na mukene: nani angemla kama nisingemnunua? Mfugaji mwenye vizimba ziwani, mwenye kiwanda, na sisi tunaoagiza kambale wa kuchoma mwisho wa mwezi, kila mmoja ana sehemu yake ya jibu. Yangu bado ninayo. Mwezi ujao nakwenda kwa shangazi kumsaidia kujenga vichanja zaidi vya kuanikia, na ikiwa yule bibi bado anafika mwaloni, nitaomba anionyeshe nyumbani kwake.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.